Somo Ambalo Yudith Hakulisikia

Kila siku ya kazi, ikikaribia saa nne asubuhi, Mama Yudith alikisogeza kitanda cha kamba mpaka dirishani, akaweka redio juu ya kigoda, kisha akamwuliza binti yake maswali yale yale.

"Kalamu ipo?"

"Ipo, mama."

"Daftari?"

"Lipo."

"Haya, mimi naenda kisimani. Nathanael, usimsumbue dada yako wakati wa kipindi."

Yudith alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji cha Bendera, chini ya milima ya Upare. Mwishoni mwa Januari, mwaka 1985, aliteleza kwenye mawe ya mfereji akiwa na ndoo ya maji kichwani, akavunjika mguu wa kulia. Hospitalini walimfunga plasta ngumu, ile ambayo watu huiita muhogo, kuanzia kwenye paja hadi vidoleni. Daktari alisema asiukanyagie mguu ule kwa muda wa miezi mitatu.

Yudith alilia kuliko siku aliyovunjika. Miezi mitatu bila shule ilimaanisha kurudia darasa.

Aliyemfuta machozi alikuwa Mwalimu Respicius, mtu wa Bukoba ambaye alikuwa amefundisha pale kijijini kwa miaka minne. Alikuja kumtazama, akaiona redio ya babake Yudith ukutani, akauliza, "Hii inafanya kazi?"

"Inafanya, mwalimu."

"Basi umepona. Vipindi vya shule vinatangazwa kila siku saa nne. Utasikiliza, utaandika muhtasari wa kila kipindi, na utafanya hesabu nitakazokuletea. Kila Ijumaa rafiki yako Ziada ataniletea daftari lako, kila Jumatatu atakurudishia likiwa limesahihishwa. Kama wewe huwezi kuifikia shule, shule itakufikia wewe."

Babake Yudith, Eliakimu, alifanya kazi katika shamba la mkonge na alirudi nyumbani Jumamosi tu. Alikubali, lakini kwa sharti moja.

"Betri hazipatikani," alisema. "Zilizomo humo ndizo hizo hizo. Redio hii ni ya masomo, Yudith. Kipindi kikiisha, unazima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Darasani kwao walikuwa wanafunzi themanini na sita, watatu watatu kwenye dawati moja. Pale kitandani hakuna aliyemsukuma wala kumchungulia. Hesabu ambayo hakuielewa aliirudia hata mara tano bila kuchekwa na mtu. Mgawanyo wa sehemu, uliomshinda mwaka mzima, aliuelewa ndani ya siku mbili. Sauti ya mwalimu wa redioni, mwanamke mwenye maneno ya polepole, ilimfikia kutoka Dar es Salaam kana kwamba anazungumza naye peke yake. Alama zake zikapanda. Kila Jumatatu alifungua daftari na kukuta wino mwekundu wa Mwalimu Respicius: Vizuri. Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo.

Lakini kipindi kilikuwa cha nusu saa tu, na mchana ulikuwa mrefu.

Mvua za vuli za mwaka uliopita hazikuwa zimenyesha. Kuanzia dirishani Yudith aliona shamba lao lilivyokauka, na njia iliyokwenda kisimani ikiwa haina watu kwa sababu wote walikuwa huko huko kisimani, wakisubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Upepo ulitoka nyikani ukiwa na vumbi jekundu. Mama aliondoka asubuhi akarudi mchana, midomo imepasuka. Nathanael, mwenye umri wa miaka mitano, alichoka haraka kucheza siku hizo. Alilala tu kivulini, akiuliza chakula kitaiva lini.

Katika upweke huo, Yudith alianza kuifungua redio mchana. Siku ya kwanza alisikiliza wimbo mmoja. Siku ya pili alisikiliza salamu za wasikilizaji, watu wa Tabora wakiwasalimu watu wa Mtwara, na alijihisi yuko katikati ya watu. Baada ya wiki alisikiliza mfululizo, akizima pale tu aliposikia nyayo za mama.

Jumatano moja, mwanzoni mwa Machi, saa nne ilipofika aliwasha redio. Ilitoa sauti nyembamba, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, kisha ikanyamaza. Alizitoa betri, akazisugua, akazirudisha. Kimya. Akamtuma Nathanael aziweke juani, lakini zilipopata joto kipindi kilikuwa kimekwisha.

Yudith alilitazama daftari. Ukurasa ulikuwa mweupe, na Ijumaa Ziada angekuja kulichukua. Angeandika nini? Kwamba betri zimekwisha? Baba angeuliza zimekwishaje wakati nusu saa kwa siku haiwezi kuzimaliza.

Akavuta kitabu chake cha zamani cha darasa la tano, akakifungua katikati. Juu ya ukurasa aliandika tarehe, kisha, "Kipindi cha leo: Faida za Maziwa." Akajaza ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu Ziada alirudisha daftari. Alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, msichana mwembamba mwenye ushungi uliopauka kwa jua.

"Umepata vema zote," alisema, akiketi kwenye ukingo wa kitanda. "Tena mwalimu ametusomea ile ya maziwa darasani. Tumeiandika wote."

Yudith alikaza macho. "Amewasomea? Kwa nini?"

"Hujui? Redio ya shule imekufa tangu mwaka jana. Mwalimu anatumia daftari lako. Kila Jumatatu anatusomea ulichoandika. Anasema angekuwepo mwanafunzi mmoja tu kama wewe kwenye kila dawati, asingepata taabu." Ziada alicheka. "Mimi nikamwambia mama, eti rafiki yangu amekuwa mwalimu wetu naye amelala kitandani."

Maneno yalimfika Yudith kooni. Angeyasema pale pale, yangekwisha. Lakini Ziada alikuwa anamtazama kwa fahari, na kwenye daftari wino mwekundu bado ulikuwa unang'aa. Akayameza.

Siku zilizofuata alinakili vivyo hivyo kutoka kitabu kile, na Jumatano redio ilikuwa bado bubu. Safari hii Yudith alijua kwamba wenzake themanini na watano wangeandika chochote atakachoandika yeye. Akaandika, "Kipindi cha leo: Usafi wa Vyombo vya Jikoni," akafunga daftari upesi, kama mtu anayefunika kitu kilichooza.

Jumamosi ya wiki hiyo lori lilileta mbegu za mahindi kijijini, tayari kwa mvua za masika. Watu walikuwa na njaa ya miezi, kwa hiyo walipoona magunia hawakungoja hotuba. Bwana shamba alisimama juu ya lori na kupaza sauti kwamba mbegu zile ni za kupanda tu, ni za kupanda tu, lakini walio nyuma hawakumsikia, na walio mbele walikuwa wanagombania nafasi. Maandishi ya kwenye magunia yalikuwa ya Kiingereza. Mama Yudith alirudi na mfuko mdogo. Ndani yake mahindi yalikuwa mekundu, yakiwa na unga mwembamba ulioshika vidole na harufu kali iliyowasha pua.

"Mbona mekundu, mama?" aliuliza Yudith.

"Ndiyo mbegu za kisasa," alijibu mama. "Sijui wanazipaka nini."

Jumamosi hiyo hiyo baba alikuja na betri mpya nne. Zilikuwa zimeingizwa kutoka ng'ambo ya mpaka, akazipata kwa kumpa mwenzake sabuni yote aliyogawiwa kazini. Hakuuliza kitu. Alimpa binti yake betri zile kwa mikono miwili, kana kwamba ni mayai, na Yudith alishindwa kumtazama usoni.

Mvua haikuja Jumapili. Haikuja Jumatatu. Siku hiyo debe la unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, likakung'utwa mpaka vumbi la mwisho. Jumanne watu wote wa nyumba ile walikunywa maji ya mchicha pori, wakalala.

Kabla ya kulala, jua likiwa linazama nyuma ya milima, mama alifungua ule mfuko wa mbegu. Alikaa nao mapajani kwa muda mrefu.

"Mbegu bila mvua ni takataka," alisema, kama anayejibishana na mtu. "Mvua ikija tutaomba nyingine. Mama Ziada amekwisha kuzipika za kwake. Anasema zikioshwa vizuri rangi inatoka."

Akaziosha mara ya kwanza, maji yakawa mekundu. Akaziosha mara ya pili, yakawa ya waridi. Mara ya tatu yakatoka karibu meupe. Maji yale aliyamwaga nje ya uzio, na kuku watatu kati ya watano wao, wakiwa na kiu, wakakimbilia kidimbwi hicho. Mahindi akayaloweka pamoja na kunde chache, ili kesho yake apike makande.

Kulipopambazuka, kuku wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa anazunguka uwanjani, shingo imepinda, akianguka na kuinuka.

"Kideri," alisema mama, akisonya. "Mwaka huu balaa haziishi." Akawachukua kwa miguu na kuwatupa mbali.

Yudith alimtazama yule kuku wa tatu kupitia dirishani mpaka alipoacha kuinuka. Kideri alikuwa amekiona mara nyingi. Kuku wa kideri huharisha na kusinzia kwa siku kadhaa. Hawa jana jioni walikuwa wazima. Kitu fulani kilimgusa moyoni, kitu kisicho na jina, lakini hakujua akiulize wapi.

Sufuria ya makande iliwekwa jikoni, kwenye banda dogo la miti lililokuwa upande wa pili wa uwanja. Harufu yake ilienea mpaka ndani. Nathanael aliketi karibu na moto na hakubanduka. Mama aliweka redio juu ya kigoda, akauliza kalamu, akauliza daftari, akabeba ndoo na kwenda zake.

Saa nne kamili sauti ya mwalimu wa redioni ikasikika, safi na yenye nguvu kwa betri mpya.

"Habari za asubuhi, wanafunzi. Leo tutarudia somo tulilojifunza katika Jumatano mbili zilizopita, kwa sababu ni somo la kuokoa maisha, na kwa sababu msimu wa kupanda umefika. Somo lenyewe ni mbegu zilizotiwa dawa."

Kalamu ya Yudith ilisimama.

"Nani anakumbuka? Mahindi ya mbegu yaliyopakwa rangi nyekundu yametiwa sumu ya kuua wadudu. Mahindi hayo hayaliwi na mtu, wala hayapewi mnyama. Kuyaosha hakuondoi sumu. Kuyachemsha hakuondoi sumu. Mtu aliyekula hutapika, hutetemeka mwili mzima, na anaweza kufa. Tuliwaagiza mkawaambie wazazi wenu. Je, mliwaambia?"

Yudith aligeuka dirishani. Jikoni, Nathanael alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria akiwa na kijiko. Mashavu yalikuwa yamemjaa.

"Nathanael! Tema!"

Mtoto aligeuka, akatabasamu. "Bado hayajaiva sana. Nitakuletea na wewe!"

"Tema! Ni sumu! Tema, nakuambia!"

Alidhani dada yake anamwonea choyo. Akachota kijiko kingine upesi, akameza.

Yudith alijisukuma kutoka kitandani. Alianguka kwa ubavu, na maumivu ya mguu yakampanda mpaka kichwani. Akajivuta kwa viwiko, muhogo ukikwaruza sakafu ya udongo nyuma yake. Akavuka kizingiti. Mchanga wa nje ulikuwa unachoma. Uwanja ule aliokuwa akiuvuka kwa hatua ishirini sasa ulikuwa hauna mwisho. Kila alipoinua macho alimwona mdogo wake akiwa bado na kijiko mkononi, akimtazama kwa mshangao, kwa sababu hakuwa amewahi kumwona dada yake akitambaa.

Alipofika, alishika kuni na kuisukuma sufuria kwa nguvu zake zote. Makande yakamwagika juu ya moto, mvuke na majivu vikaruka.

Nathanael akaanza kulia. "Chakula! Umemwaga chakula!"

Kisha kilio kikakatika. Akashika tumbo, akainama, akatapika. Yudith alimkumbatia. Mwili mdogo ule ulianza kutetemeka mikononi mwake, kwanza mabega, halafu miguu, na macho yakageuka juu.

Aliita mpaka sauti ikakauka. Nyumba ya jirani ilikuwa mbali, na wenyewe walikuwa kisimani. Ndani ya nyumba redio iliendelea kuzungumza kwa utulivu bila mtu wa kuisikiliza.

Haikujulikana ni muda gani uliopita kabla mama hajatokea njiani. Aliona, akatupa ndoo, maji yote yakamwagika.

"Mama, ni mahindi! Yana sumu, redio imesema! Hata kuku ni hayo hayo!"

Mama alimnyanyua Nathanael begani. "Mama Ziada," alisema, na uso wake ukabadilika rangi. "Walikula jana. Na nyumba nyingine je? Nitafika nyumba ngapi na mtoto huyu begani?"

"Pita shuleni, mama. Ni njiani kwenda hospitali. Mwambie mwalimu apige kengele, awatume wanafunzi wote."

Mama alikwenda mbio. Yudith alibaki peke yake katikati ya uwanja, kando ya makande yaliyomwagika, akiwafukuza kwa jiwe kuku wawili waliosalia. Baada ya muda akasikia kipande cha reli kikigongwa shuleni, si kwa mapigo ya kawaida ya mapumziko, bali mfululizo, bila kupumzika. Halafu kwenye vijia vyote vya kijiji akaona mashati meupe, wawili wawili, wakikimbia kuelekea kila nyumba yenye moshi.

Walikuta sufuria saba jikoni ambazo hazijapakuliwa. Lakini nyumba mbili zilikuwa zimekwisha kula. Moja ilikuwa ya Mzee Yoeli, mfugaji aliyeishi ng'ambo ya korongo. Nyingine ilikuwa ya kina Ziada, ambako mama yake alikutwa amelala sakafuni, meno yameumana. Ziada alikuwa amepona kwa sababu alifunga Jumanne ile, akilipa siku yake ya Ramadhani, na usiku hakula zaidi ya uji wa jana yake.

Trekta la shamba la mkonge liliwachukua wagonjwa watatu hadi hospitali ya misheni, na Yudith pia, kwa sababu muhogo wake ulikuwa umepasuka. Walimfunga upya, wakamwongezea mwezi mmoja, wakamrudisha nyumbani siku iliyofuata. Nathanael alibaki huko na mama, akiwa hajafumbua macho.

Siku mbili mlango haukufungwa. Majirani walikuja kumwangalia, wakamsifu mpaka akatamani kuziba masikio. Mwenyekiti wa kijiji alimpelekea maziwa. Wanawake walimwita mkombozi. Kila sifa ilikuwa kama jiwe juu ya kifua. Jumatano mbili, alijisemea. Somo lile lilitangazwa Jumatano mbili, kabla hata ya lori kufika.

Hakuna aliyejua. Na kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe.

Jumamosi baba alirudi akitokea hospitalini. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia. "Amefumbua macho," alisema. "Ameomba uji. Mama Ziada naye anaongea. Mzee Yoeli ataishi, ila mikono yake inatetemeka, na daktari hajui itatulia lini."

Yudith alilia, na baba alidhani ni furaha.

Jumapili mchana Mwalimu Respicius alifika pamoja na Ziada. "Shikamoo, mwalimu," Yudith alimwamkia kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na habari njema. Kesho kwenye mstari tutasimulia habari zako shule nzima. Mwenyekiti atakuja, nami nitasoma muhtasari wako wa Jumatano..."

"Usiusome, mwalimu."

Baba, aliyekuwa mlangoni, aligeuka.

"Sikusikiliza," alisema Yudith. "Jumatano mbili zile za mwanzo, na siku za kati yake, sikusikiliza. Nilimaliza betri kwa kusikiliza nyimbo mchana. Maziwa niliyanakili kwenye kitabu cha darasa la tano. Usafi wa vyombo niliutunga mwenyewe. Somo la Jumatano hizo lilikuwa la mbegu zenye sumu. Mwalimu wa redioni alisema walikwisha kutuagiza tuwaambie wazazi. Mimi sikuwaambia ninyi, na ninyi hamkuwaambia wa nyumbani, kwa sababu yangu."

Ziada alisimama polepole. Aliangalia daftari lililokuwa kitandani, lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilibeba chini ya kwapa kila Ijumaa.

"Mama yangu nilimpelekea usafi wa vyombo," alisema. "Nilimsomea. Alikuwa anaosha vyombo kwa majivu ili nifurahi." Akatoka nje, na hakugeuka.

Mwalimu alichukua daftari, akalifungua kwenye kurasa zile mbili. Kisha akalifunga, akamshika baba mkono kwa kumuaga, akaondoka.

Zilikuwa siku tatu ndefu. Baba hakumpiga wala hakumgombeza. Alisema tu, "Ningekuwa nimeambiwa betri zimekwisha, ningekasirika siku moja." Basi. Halafu akarudi kazini.

Jumatano, dakika chache kabla ya saa nne, Yudith alisikia sauti uwanjani. Mwalimu Respicius aliingia, na nyuma yake wanafunzi wanne, kila mmoja amebeba kigoda. Wa mwisho alikuwa Ziada. Hakumsalimia, lakini aliketi karibu na kitanda, akafungua daftari lake magotini.

"Kuanzia leo," alisema mwalimu, "watakuja wanne kila kipindi kwa zamu, na kila mmoja ataandika cha kwake. Washa redio."

Walisikiliza wote. Kipindi kilikuwa cha jiografia, kuhusu maziwa makuu. Kilipokwisha walilinganisha maandishi yao, wakakuta Yudith amekosea jina moja na Ziada amekosea namba mbili.

"Hapo uliposema kilomita, ni mita," Yudith alimwambia kwa woga.

Ziada alifuta, akaandika upya. "Mama anatoka hospitali Ijumaa," alisema bila kuinua kichwa. "Anataka kukuona. Sijamwambia. Utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambia."

Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, akitazama uwanja ule mrefu mpaka jikoni. Alipogeuka, aliongea na wote watano, lakini macho yake yalikuwa kwa Yudith.

"Sitasema kwamba kusoma nyumbani ni kubaya," alisema. "Mtoto huyu amejifunza hesabu kitandani kuliko alivyojifunza kwangu darasani, na sauti iliyotoka Dar es Salaam ndiyo iliyookoa nyumba saba. Lakini darasani mnaonana. Mmoja akisinzia, mwenzake anamwona, nami namwona. Mtu anayesoma peke yake hana wa kumwona, kwa hiyo ukweli wake ndio mwalimu wake, ndio msimamizi wake, ndio mtihani wake. Ukiutupa huo, hujabakiwa na shule yoyote, hata kama daftari limejaa. Mimi nami nina kosa. Niliweka alama ya vema kwenye masomo ambayo sikuyasikia, kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri. Nimekwenda kwa Mzee Yoeli jana kumwomba radhi, nikamshikia kikombe anywe."

Akalichukua daftari la Yudith, akalifungua kwenye ukurasa wa Faida za Maziwa, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Siku ile betri zilipokwisha, ulitafuta maneno ya kujaza ukurasa mzima. Hayakuhitajika. Ungeandika neno moja tu, 'Sikusikia.' Ningeliona Ijumaa, nikamtuma mtu mjini Same kwenda kuuliza somo lilikuwa nini, na Jumatatu kila mtoto angelipeleka nyumbani kwao. Neno moja, Yudith. Msione aibu kuliandika neno hilo, hata mmoja wenu, maisha yenu yote."